Ahadi ni Deni: Hobbes, Locke na Rousseau kuhusu Mkataba wa Jamii

Utangulizi

Wanafunzi wa tafsiri wanapokutana kwa mara ya kwanza na istilahi "mkataba wa jamii", swali lao huwa ni lile lile: mkataba huo ulitiwa saini lini, wapi na nani? Swali hilo si la kitoto. Neno mkataba limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi unaohusu kuandika, na katika eneo letu neno hilo lina kumbukumbu zake. Anayesoma historia ya Uganda anaujua Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Una tarehe, una wahusika, na mambo ya ardhi yaliyoandikwa ndani yake yangali yanabishaniwa. Lakini mkataba wanaouzungumzia wanafalsafa wa Ulaya hauna karatasi wala muhuri.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa kifupi fikra za watu watatu walioujenga mkataba huo, na kuonyesha kwamba kila mmoja wao alikuwa na mapatano yake tofauti. Mfasiri asiyelifahamu jambo hilo atatumia neno moja kwa mambo matatu, na msomaji wake atapotea.

Hobbes na hofu

Thomas Hobbes alizaliwa tarehe 5 Aprili 1588 karibu na mji wa Malmesbury, Uingereza, mwaka ambao Waingereza walikuwa wakizingoja kwa hofu manowari za Hispania. Uzeeni aliandika kwamba mama yake alizaa pacha, yaani yeye na hofu. Hofu hiyo haikumwacha. Mwaka 1640, ugomvi kati ya Mfalme Charles I na Bunge ulipopamba moto, alikimbilia Paris na kukaa huko zaidi ya miaka kumi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1642, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa hadharani. Mwaka 1651 Hobbes alichapisha kitabu chake kikuu, Leviathan, kilichopewa jina la mnyama wa kutisha anayetajwa katika kitabu cha Ayubu.

Hoja yake ni hii. Tuiondoe serikali, tuone kinachobaki. Kila mtu atakuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Hata aliye dhaifu anaweza kumuua mwenye nguvu akiwa usingizini, kwa hiyo hakuna atakayelala kwa amani. Nani atalima shamba asilojua kama atalivuna? Ili kujinasua, watu wanapatana wao kwa wao kumkabidhi mmoja, au baraza moja, mamlaka yote.

Tuangalie vizuri wahusika hapa. Wanaoahidiana ni wananchi. Mtawala hamo katika mapatano, na kwa kuwa hakuahidi kitu, hawezi kushtakiwa kwamba amevunja ahadi. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, lakini kwa Hobbes deni liko upande mmoja tu. Hata hivyo, aliacha mlango mdogo wazi: mtu hapotezi haki ya kuutetea uhai wake, na wajibu wa kutii hudumu kadiri mtawala anavyoweza kuwalinda watu wake. Mlango huo uliwaudhi wafuasi wa mfalme, kwa sababu mamlaka sasa yalitoka kwa watu walioogopa, si kwa Mungu moja kwa moja.

Locke na amana

Mwaka 1683 Chuo Kikuu cha Oxford kiliamuru vitabu kadhaa vya siasa vichomwe moto, vikiwemo vya Hobbes. Mwaka huo huo msomi mwingine wa Oxford, John Locke, alikimbilia Uholanzi. Locke, aliyezaliwa mwaka 1632, alikuwa tabibu na mshauri wa Shaftesbury, kiongozi wa wapinzani wa mfalme. Mwaka 1684 alipoteza nafasi yake chuoni kwa amri ya mfalme. Alirudi mwaka 1689, baada ya Mfalme James II kuikimbia nchi, na mwaka huo akachapisha kitabu chake cha nadharia mbili za serikali bila kutia jina lake. Alikiri waziwazi kuwa ndiye mwandishi katika wosia wake tu. Alifariki mwaka 1704.

Kwa Locke watu wanapatana kuunda jamii, lakini uhusiano wao na serikali anauita kwa neno jingine, ambalo kwa Kiswahili hatuna haja ya kulitafutia istilahi mpya: ni amana. Msomaji wetu anaelewa mara moja. Aliyewekewa amana hana mali, ana wajibu. Akiila, mwenyewe ana haki ya kuichukua na kumkabidhi mwingine. Serikali imewekewa amana ya kulinda uhai, uhuru na mali za watu, na ikiwageuka, wanaweza kuiondoa. Hapa deni limehamia upande wa pili. Wazo hilo linasikika wazi katika Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776.

Rousseau na utashi wa umma

Jean-Jacques Rousseau alizaliwa Geneva mwaka 1712, mtoto wa fundi wa saa. Katika insha yake ya mwaka 1755 kuhusu asili ya tofauti kati ya watu, alidai kwamba mapatano ya kwanza ya kisiasa yalikuwa hila: matajiri waliwashawishi maskini wakubali sheria zilizolinda mali ya matajiri. Mwaka 1762 akatoa kitabu cha mkataba wa jamii, akieleza mapatano ya haki yangekuwaje.

Jibu lake ni kwamba kila mtu ajitoe kwa wote, ili asiwe mtumwa wa yeyote. Umma wenyewe ndio wenye enzi. Serikali ni mtumishi tu. Alidiriki hata kusema kwamba Waingereza wanajidanganya kuwa wako huru, kwa maana uhuru wao ni wa siku za kuchagua wabunge tu. Mwaka huo huo kitabu hicho kilichomwa moto Geneva, na Rousseau akawa mkimbizi.

Ugumu wake uko katika dhana ya utashi wa umma. Rousseau anasisitiza kwamba huo si jumla ya matakwa ya kila mtu, bali ni nia inayolenga manufaa ya wote. Je, nani atautambua? Katika miaka ya 1793 na 1794, Robespierre, aliyemhusudu sana Rousseau, aliongoza Ufaransa kwa jina la umma huku watu wakipelekwa kukatwa vichwa.

Walioachwa nje

Tusiwasome watu hawa kama mitume. Locke, mtetezi wa uhuru, aliwahi kuwekeza fedha katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika. Aidha, akiwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina, alishiriki katika kuandaa katiba yake ya mwaka 1669, iliyompa mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Rousseau naye aliandika kwamba msichana alelewe ili ampendeze mwanamume. Mary Wollstonecraft wa Uingereza alimjibu mwaka 1792: kama akili ndiyo msingi wa haki, basi mwanamke anayo.

Jibu zito zaidi lilitoka Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi. Wafaransa walitangaza haki za binadamu mwaka 1789, lakini utumwa ukaendelea. Watumwa waliasi Agosti 1791, na baada ya vita virefu, tarehe 1 Januari 1804, nchi ya Haiti ikatangaza uhuru. Mwaka 1997 mwanafalsafa Charles Mills, aliyekulia Jamaika, alichapisha kitabu akidai kwamba nyuma ya mkataba wa jamii kulikuwa na mkataba mwingine usiotajwa: ule wa watu weupe wao kwa wao.

Hitimisho

Turudi kwenye swali la wanafunzi. David Hume wa Uskoti aliliuliza mwaka 1748. Alisema karibu serikali zote zilianza kwa vita au unyang'anyi, na kwamba kumwambia maskini amekubali serikali kwa sababu hajahama ni sawa na kumwambia mtu aliyepakiwa merikebuni akiwa usingizini kwamba amemkubali nahodha, ilhali njia yake pekee ya kutoka ni kujitupa baharini. Immanuel Kant wa Prussia alijibu mwaka 1793 kwamba mkataba huo si tukio la historia bali ni kipimo: sheria ambayo haiwezekani watu wote waikubali si sheria ya haki.

Nasi tuna ushahidi wetu katika lugha. Neno raia, ambalo katika Kiarabu lilihusu kundi lichungwalo na hatimaye watu walio chini ya mtawala, leo katika sheria zetu lamaanisha mwenye nchi anayepiga kura na kudai haki. Neno lenyewe halikubadilika herufi, ila mapatano yaliyo nyuma yake ndiyo yaliyobadilika, na mahali pengine hayajamalizika kubadilika.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, mwanafunzi akikuletea tafsiri ya maandishi ya siasa yenye neno mkataba, usianze kusahihisha sarufi. Muulize kwanza mambo matatu: nani ameahidi, nani anadaiwa, na nani hakualikwa. Akishindwa kujibu, bado hajaelewa anachokitafsiri.