Kubadilisha jeti za kabureta

Kubadilisha jeti za kabureta ni kazi ya ufundi wa pikipiki ya kuondoa jeti, yaani vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, na kuweka nyingine zenye tundu kubwa au dogo zaidi. Kwa kawaida kazi hii huhitajika pale ekzosi au chujio la hewa la kiwandani linapobadilishwa.

Utendaji

Injini ya petroli huunguza mafuta vizuri inapopata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Jeti ndogo hutawala mafuta injini inapounguruma bila mwendo, sindano hutawala mwendo wa kati, na jeti kuu hutawala dereva anapovuta mafuta hadi mwisho.

Ekzosi na chujio

Si kila badiliko hudai jeti mpya. Chujio jipya la muundo uleule, likikaa ndani ya kasha lake, kwa kawaida halihitaji marekebisho. Kubadilisha kipande cha nyuma cha ekzosi pekee mara nyingi huleta tofauti ndogo. Lakini ekzosi nzima iliyo wazi, pamoja na chujio lililofungwa moja kwa moja kwenye kabureta bila kasha, huingiza hewa nyingi zaidi, hivyo mafuta huwa machache na jeti kubwa zaidi huhitajika. Sauti kubwa ya ekzosi iliyotobolewa si ushahidi wa nguvu kuongezeka.

Mwinuko wa mahali

Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huwa nyepesi kwa asilimia 14 hivi, na kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi hicho. Hivyo mafuta huzidi. Jambo hili linaonekana katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Pikipiki ya Kyimo yenye chujio la wazi inaweza kuonekana nzima milimani, kwa sababu wepesi wa hewa huficha upungufu wa petroli. Ikishuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, penye mwinuko wa mita 500 hivi, hewa huwa nzito na upungufu hujitokeza, hasa ikikimbizwa tambarare ikiwa na abiria au mzigo wa ndizi.

Chujio lisilo na kasha pia hulowa mvua, ambazo Rungwe ni nyingi, na hupata vumbi zaidi wakati wa kiangazi.

Dalili

Mafuta yakiwa machache, plagi huwa nyeupe, injini hupata joto kali, husita inapovutwa na hulipuka kwenye ekzosi mafuta yanapoachiwa. Ikiendelea hivyo, pistoni inaweza kutoboka. Kwa dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba, hasara hiyo humaanisha siku kadhaa bila hesabu ya kumpelekea mwenye chombo. Mafuta yakizidi, plagi huwa nyeusi yenye masizi, moshi mweusi hutoka na petroli huisha haraka. Rangi ya kahawia ni dalili njema.

Fundi hubadilisha jeti hatua moja kwa wakati, kisha huijaribu pikipiki na kukagua plagi.

Pikipiki zisizo na kabureta

Pikipiki zinazopuliza petroli kwa mfumo wa kielektroniki hazina jeti. Kompyuta yake hurekebisha mafuta kwa kufuata vihisio, ingawa kwa kiasi chenye mpaka.