Umebadilisha redio ya gari, mbona hatusikiki?

Simu za namna hii huingia studio mara kwa mara. Msikilizaji amefungiwa redio mpya kwenye gari, skrini inawaka, nyimbo za flashi zinalia, lakini sisi hatusikiki. Anauliza kama tumezima mitambo. Kabla ya yote, washa redio nyingine pembeni ya gari. Ikitupata vizuri, tafuta tatizo nyuma ya dashibodi, na mara nyingi redio yenyewe ni nzima.

Anzia asili ya gari. Mengi tunayoendesha yametumika Japani kwanza. Kule FM ilikuwa megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni imeongezwa hadi 95. Kwetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana gari likifika hufungwa kikopo kinachoitwa ekspanda, kati ya waya wa antena na redio, ili kuyashusha masafa yetu yaingie kwenye redio ya Kijapani.

Redio mpya inayofika 108 haihitaji kikopo hicho, lakini fundi mwenye haraka hukiacha humo humo. Kama kinashusha kwa megahezi 12, kituo cha 105.0 utakikuta kwenye 93.0, na cha 96.0 kitaangukia 84.0, mahali ambapo redio mpya haifiki. Ukiona vituo vingine viko kwenye namba ngeni na vingine vimepotea kabisa, mwambie fundi akitoe na antena ichomekwe moja kwa moja.

Kama ekspanda haipo na bado mawimbi ni dhaifu, sisi hushuku waya wa bluu. Antena nyingi zilizochorwa kwenye kioo, na zile fupi za juu ya paa, zina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Redio ya kiwandani ilikuwa inakipa umeme huo. Redio mpya hukipa kupitia waya wa bluu, ambao mara nyingi huachwa umefungwa tepu na kusukumwa ndani. Matokeo yake mjini unasikia mikwaruzo, na ukitoka nje kidogo hupati kitu. Wa bluu wenye mstari mweupe kwa kawaida ni wa kuwasha amplifaya, ila baadhi ya redio zina huo tu na hufanya kazi zote mbili. Kwenye Volkswagen nyingi umeme wa kikuza mawimbi hupita ndani ya waya wa antena wenyewe, kwa hiyo hapo inatakiwa adapta yake.

Redio za skrini zina kitu kingine: mpangilio wa eneo. Ukiwa kwenye Marekani, redio huruka 98.1, 98.3, 98.5, na kituo cha 98.4 kinapitwa. Weka Ulaya. Chomoa pia chaja ya simu na kamera ya kioo cha mbele usikilize tena. Vifaa vya bei rahisi huchafua FM kuliko watu wanavyodhani.

Redio ikisahau saa na vituo kila unapozima gari, mara nyingi waya wa njano na mwekundu vimebadilishana. Njano unatakiwa kuwa na volti 12 muda wote, mwekundu pale tu ufunguo unapofunguliwa. Betri ikilala kila asubuhi, huenda vyote viwili vimeunganishwa kwenye umeme wa kudumu. Fundi apime kwa mita. Rangi hizi ni za waya za redio. Za gari zina mpangilio wake, na kuunganisha rangi kwa rangi ni kubahatisha.

Skrini inawaka lakini kimya? Kama gari lina amplifaya ya kiwandani, pengine haijapata ule waya wa kuiwasha. Kama halina, tazama spika. Kila spika ina waya mbili, na ule wenye mstari mweusi ni hasi. Hasi hizo zisigusane wala zisifungwe kwenye bodi ya gari, maana redio hujizima ili kujikinga, au huungua. Mlio unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta mara nyingi hutokana na waya mweusi wa redio kufungwa kwenye chuma chenye rangi au kutu.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usikubali kuwekewa kipande cha waya, wala fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Hapo unaalika moto ndani ya gari. Hasi ya betri itolewe kabla redio haijavutwa, na plagi za njano za mifuko ya hewa zisiguswe.

Ukikagua yote hayo na bado hutupati, tupigie. Tuambie uko eneo gani na skrini inaonyesha namba ngapi, tulinganishe na wasikilizaji wengine wa hapo.