Hedifoni za kufunika masikio: namna ya kuchagua zisizochosha kichwa

RUSIZI – Safari ya Kigali hadi Kamembe ni zaidi ya kilomita 200, zikiwemo kona za msitu wa Nyungwe. Abiria wa basi hukaa kitini saa nyingi. Dereva wa lori na utingo wake nao, wakifika mpakani, husubiri nyaraka. Muziki hupunguza uchovu wa kusubiri, ndiyo maana hedifoni hazikosi mnunuzi katika mji wa mpakani kama huu.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huangalia rangi, jina lililoandikwa ubavuni na ukubwa wa mlio, kisha hulipa. Nusu saa baadaye masikio yanauma, na hedifoni inaishia kwenye begi. Kwa aliyenunua jozi moja hiyo ni hasara ndogo. Kwa mfanyabiashara aliyeagiza katoni nzima, ni mtaji uliokufa dukani. Makala hii inaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

Aina zake

Kuna aina tatu: zinazoingia ndani ya tundu la sikio, zinazokaa juu ya sikio, na zinazofunika sikio lote. Hapa tunazungumzia aina ya tatu. Faida yake ni kwamba uzito unabebwa na kichwa pamoja na ngozi inayozunguka sikio, si sikio lenyewe. Ubaya wake ni joto na ukubwa.

Mambo matano ya kupima

1. Nafasi ndani ya kikombe. Sikio lote liingie bila kukunjwa. Pia angalia kina: ncha ya sikio isiguse kitambaa cha ndani. Ikigusa kidogo tu dukani, baada ya saa moja itauma.

2. Mbano. Ukibana sana, taya na kichwa huuma. Ukilegea, hedifoni huteleza kila gari linapopita kwenye shimo. Inamisha kichwa kama anayefunga kamba za viatu. Ikidondoka, imelegea. Ikibaki lakini unahisi mishipa inapiga, inabana mno.

3. Uzito. Nyingi zinazosifiwa kwa kuvaliwa muda mrefu zina gramu 250 hivi. Sony WH-1000XM4, kwa mfano, ina gramu 254, wakati AirPods Max ya Apple iliyotoka mwaka 2020 ina takriban gramu 385. Nzito inaweza kuvalika ikiwa upinde wake unagawa uzito vizuri, lakini shingo itahisi tofauti.

4. Upinde wa kichwani. Uwe mpana na wenye sponji utosini. Vuta urefu wake pande zote mbili, kisha uone kama unabaki ulipouacha. Wenye nywele za kusuka au kilemba wajaribu wakiwa navyo, siyo baada ya kuvivua.

5. Mito. Bonyeza kwa kidole kisha achia. Sponji nzuri hurudi polepole na kujaa tena. Inayobaki imebonyea imekwisha kabla ya kuanza kazi. Mvaaji wa miwani achague mito laini, kwa sababu mito migumu husukuma mikono ya miwani kwenye mfupa.

Baada ya hapo, vaa kwa dakika 15 bila kuvua. Sekunde kumi haziwezi kukuonyesha kitu. Muuza duka anayekataa kipimo hiki amekwisha kukupa jibu.

Joto la Bugarama, baridi ya Nyungwe

Wilaya ya Rusizi ina hali ya hewa zaidi ya moja. Kamembe iko kwenye miinuko ya Ziwa Kivu, lakini Bugarama iko bondeni, upande ambako mto Rusizi unafikia sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, mita 950 juu ya usawa wa bahari. Huko joto ni kali.

Ngozi bandia huzuia kelele vizuri na hupanguswa kwa urahisi, lakini hutoa jasho na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Mahameli na kitambaa hupitisha hewa zaidi, ila hupitisha kelele na hushika vumbi. Anayepita bondeni mara kwa mara achague kitambaa, au ngozi bandia yenye mito ya kubadilishwa. Uliza kabla ya kununua: mito ya akiba inapatikana? Mto ukichanika na hauna mbadala, hedifoni nzima imekwisha.

Waya au Bluetooth

Ya waya haihitaji kuchajiwa. Lakini simu nyingi za sasa hazina tundu la pini ya milimita 3.5, basi hakikisha kwanza simu yako inalo. Angalia pia kipimo cha omu kwenye boksi. Omu 32 zinafaa kwa simu. Za omu 250 zimetengenezwa kwa mitambo ya studio na kwenye simu zitatoa sauti hafifu.

Ya Bluetooth inakuondolea waya, lakini betri yake huzeeka. Uliza kama inaweza kufanya kazi kwa waya betri inapoisha, maana baadhi haziwezi. Zile zenye mtambo wa kupunguza kelele hufaa zaidi dhidi ya ngurumo ya injini kuliko sauti za watu, na baadhi ya wavaaji huhisi kama wanabanwa masikio. Jaribu ukiwa umewasha mtambo huo.

Sauti na usalama

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Hedifoni inayoziba vizuri hukuwezesha kusikia muziki kwa sauti ndogo hata injini ikiwaka. Ile inayovuja hukulazimisha kuongeza sauti, na masikio yakiharibika kwa kelele hayatengenezeki.

Jambo jingine halina mjadala: dereva asivae akiwa anaendesha. Vikombe vinavyofunika sikio huzuia honi, mlio wa breki na sauti ya utingo. Ufaransa ilipiga marufuku vifaa hivyo kwa madereva mwaka 2015. Hedifoni ni ya dereva aliyezima injini, au ya abiria.

Hesabu ya bei

Bei ya boksi siyo gharama yenyewe. Tuseme jozi moja ni faranga 6,000 na inadumu miezi 3: gharama ni faranga 2,000 kwa mwezi. Nyingine ni faranga 24,000 na inadumu miezi 24: gharama ni faranga 1,000 kwa mwezi. Ya pili ndiyo rahisi, alimradi unaivaa kweli. Usipoivaa, hata faranga 6,000 ni ghali.

Kwa anayeagiza ili auze

Kwa kawaida hedifoni huwekwa katika namba ya forodha 8518.30. Mpe wakala wako namba hiyo ili mjue ushuru kabla ya mzigo kuondoka. Nchini Rwanda ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na dai risiti ya mashine ya EBM.

Wachuuzi wengine hudhani utaratibu rahisi wa COMESA kwa biashara ndogo unahusu kila kitu. Sivyo. Unafuu wake wa ushuru ni kwa bidhaa zinazotoka nchi wanachama. Hedifoni iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya COMESA kwa sababu imelala Kamembe. Anayevuka kwenda Bukavu aulize pia utaratibu wa siku hiyo upande wa pili, hasa baada ya M23 kuuteka mji huo Februari 2025.

Tahadhari na majina makubwa ya bei ya chini mno: za bandia ni nyingi, na mzigo wa bandia unaweza kuzuiliwa na kukuachia hasara yote. Agiza sampuli moja au mbili kwanza. Wape watu watatu wenye vichwa tofauti, wavae saa moja kila mmoja. Mmoja akivua kabla ya muda, muulize ni wapi panauma kabla ya kulipia katoni.

Kwa kifupi

Pima nafasi, mbano, uzito, upinde na mito. Vaa dakika 15. Uliza mito ya akiba. Gawa bei kwa miezi. Mteja asiyeumwa masikio atarudi kununua nyingine, na huyo ndiye faida yako.