Delta ya Rufiji katika Mikusanyo Maalumu: Majina, Majalada na Mashamba ya Mpunga



Imekuwa desturi kusema kwamba watu wa delta ya Rufiji hawana historia iliyoandikwa. Usemi huu nimeusikia katika semina na nimeusoma katika tasnifu, na mara nyingine hata wenyeji wenyewe huukubali. Katika mhadhara huu nakusudia kuonesha kwamba historia hiyo imeandikwa, tena si haba, ila imehifadhiwa chini ya majina ambayo Mrufiji mwenyewe hayatumii. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni la wakutubi na katalogi zao. Lakini katika mashamba ya mpunga ya Kibiti limekuwa sehemu ya swali zito zaidi: nani ni mwenyeji na nani ni mvamizi?

Tuanze na kile kinachopatikana bila taabu. Msomaji anayetafuta neno Rufiji katika katalogi ya maktaba kubwa yoyote duniani atakutana kwanza na meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huo mwaka 1914, ikashambuliwa na meli za Waingereza Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake iliopolewa ikatumika vitani nchi kavu. Mmoja umehifadhiwa Mombasa, mwingine Pretoria. Vitabu juu ya kisa hicho ni vingi na vingine vimeandikwa vizuri sana. Hata hivyo, meli hiyo haikutimiza mwaka mmoja katika delta. Wakulima, wavuvi na wakata boriti waliokuwapo kabla yake na waliobaki baada yake huonekana katika vitabu hivyo kwa nadra, nao wanapoonekana huwa ni wapagazi, mashahidi au watoa habari wasiotajwa majina.

Anayetafuta neno Kibiti hupata machache zaidi, na sababu yake ni nyepesi. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010. Yote yaliyoandikwa kabla ya hapo kuhusu Salale, Nyamisati, Mbuchi au Msala yameingizwa chini ya Rufiji, au chini ya Utete yalikokuwa makao ya wilaya, au chini ya Mohoro yalikokuwa makao ya utawala wakati wa Wajerumani. Tena Wajerumani waliandika Mohorro, kwa herufi r mbili, na mto wenyewe mara nyingine waliuita Rufidji. Mashine ya kutafutia haina huruma juu ya herufi moja.

Hapa ndipo mikusanyo maalumu inapohitajika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilipohamia Mlimani mwaka 1964, kilijenga polepole sehemu ya maktaba iitwayo East Africana: vitabu, ripoti, tasnifu, magazeti na karatasi zisizochapishwa zinazohusu Afrika Mashariki. Humo mna makabrasha ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni. Maktaba hiyo hiyo ndiyo iliyokusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J.W.T. Allen aliitolea orodha, ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Jengo jipya la maktaba lilizinduliwa Novemba 2018, nalo ni kubwa na la fahari. Lakini kanuni ya sehemu kama hii ni ile ile ya zamani. Msomaji haingii rafuni. Hujaza karatasi ya ombi, huketi mezani, huletewa alichokitaja, hukisoma papo hapo na kukirudisha. Hakuna kuazima.

Kanuni hii ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika rafu zilizo wazi msomaji huweza kubahatika: huendea kitabu kimoja akaona cha pili kando yake. Katika mkusanyo uliofungwa bahati hiyo haipo. Huletewa kile alichojua kukiomba tu, na asiyejua jina hapewi kitu. Kwa sababu hiyo mkutubi wa marejeleo aliyekaa miaka mingi katika meza ya maulizo ni chombo cha utafiti kisicho na mbadala, kwani yeye ndiye anayekumbuka kwamba jambo fulani limo katika ripoti yenye jina lisilofanana nalo hata kidogo. Nathubutu kusema kwamba sura kadhaa za tasnifu zetu zilizosifiwa zimetokana na kumbukumbu za wakutubi, ingawa majina yao huishia katika ukurasa wa shukurani.

Chukueni mfano wa Maji Maji, vita ambavyo chimbuko lake linatajwa kuwa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo walipelekwa vijijini kuwahoji wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao. Karatasi za mradi huo zimo East Africana, na G.C.K. Gwassa alizitumia pamoja na utafiti wake mwenyewe katika tasnifu aliyoimaliza mwaka 1973, ambayo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2005 tu, miaka 32 baadaye. Wazee walimtaja mganga wa Ngarambe kwa jina la Kinjikitile Ngwale. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 ameitwa Kinjeketile. Katika nyaraka za Wajerumani jina linalotokea ni Bokero. Mtafiti aliyeshika jina moja tu atashuhudia mtu huyu akinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 katika mkusanyo mmoja, na katika mwingine atadhani hakuwahi kuishi.

Nyaraka za Wajerumani zilizobaki nchini ziko katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ufunguo wake ni orodha ya juzuu mbili iliyotayarishwa na Eckhart Franz na Peter Geissler, ikatolewa Ujerumani mwaka 1973. Nyaraka za Wizara ya Makoloni zilizobaki Ujerumani zimo Berlin, katika fungu R 1001. Idara yetu ina pia Kitabu cha Wilaya ya Rufiji, daftari ambalo mabwana shauri wa Kiingereza waliandikiana wao kwa wao, kila mmoja akimwachia mrithi wake habari za koo, watawala, mila na mavuno. Ni chanzo cha kutumiwa kwa hadhari, kwani bwana shauri aliandika alichoambiwa na watu waliokuwa na sababu zao za kumwambia hivyo. Hata hivyo, ni wapi pengine habari hizo zilipoandikwa kwa mfululizo?

Sasa nifikie kiini cha mhadhara. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa hekta 50,000 hivi, mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti zake kupeleka Uarabuni na Ghuba, ambako nyumba zilijengwa kwa upana uliopimwa na urefu wa mti wa delta. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliiweka mikoko hiyo chini ya mamlaka yake, na Salale pakawa kituo cha msitu. Waingereza walirithi msimamo huo, na Serikali huru nayo ikaurithi. Hivyo, kwa zaidi ya karne moja mkulima wa delta amelima ndani ya hifadhi iliyotangazwa karatasini na watu ambao hakuwachagua.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonesha, katika makala ya mwaka 2003 na kitabu cha mwaka 2009, kwamba sheria za misitu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachokoza watu hadi wakainuka mwaka 1905. Njia yake ina somo kwetu. Wengi waliomtangulia walisoma majalada ya vita ili kuelewa vita. Yeye alisoma majalada ya misitu. Mle, kati ya hesabu za boriti na bei za magome ya kutengenezea ngozi, ndimo wanamoonekana watu wa Rufiji wakikatazwa, wakitozwa, wakikaidi. Kichwa cha jalada kilisema misitu, lakini waliokuwamo ndani yake walikuwa watu.

Katika majalada kama hayo Kiswahili ndicho kinachomwongoza msomaji. Miti ya delta hutofautishwa kwa majina ya wenyeji: mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Mkandaa ni wa magome na mchu una matumizi yake mengine, wala si kila mti wa bwawani hufaa kwa boriti. Asiyejua tofauti hizi ataona orodha ya miti tu. Anayezijua ataona nani alikata nini na kwa soko lipi. Kwa kazi hii kamusi ya Charles Sacleux, iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, bado haina mpinzani kwa utajiri wa majina ya mimea na wa lahaja. Inasikitisha kwamba iko kwa Kifaransa, na kwamba wanafunzi wetu wengi huipita rafuni kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, barua nyingi za maakida na majumbe ziliandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. C.G. Büttner alichapisha mifano ya barua za namna hiyo mwaka 1892, na mwanafunzi atakayejifunza kuzisoma atafunguliwa mlango ambao wengi wetu tumeupita ukiwa umefungwa.

Uzito wa mambo haya ulidhihirika mwaka 2012. Katika jarida la Global Environmental Change, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walipinga hoja za uhifadhi zilizomfanya Mrufiji aonekane mgeni na mharibifu wa mikoko, wakidai kwamba kilimo cha mpunga katika delta kina historia ndefu. Watetezi wa uhifadhi waliwajibu mwaka uliofuata. Sina nia ya kuhukumu kila kipengele. Ni kweli kwamba mto ulielekeza maji yake matamu zaidi kaskazini mwa delta katika miaka ya 1970, na mashamba mapya yakafuata maji. Anayesema upanuzi huo ni wa karibuni ana ushahidi wake. Lakini shamba kuhama ndani ya delta ni jambo moja, na watu kuhamia delta ni jambo jingine. Kuchanganya mawili hayo kumewagharimu wakulima. Mpunga wa Rufiji ulikuwa ukipelekwa Unguja katika karne ya 19, na wasafiri waliotangulia utawala wa Kijerumani, kama Elton mwaka 1874 na Beardall aliyetumwa na Sultani wa Zanzibar, waliacha maandishi juu ya nchi hiyo katika majarida ya jiografia ya London. Maandishi hayo yanapatikana kwa anayejua kuyaomba. Mkulima wa Mbuchi anayeambiwa aoneshe alianza lini kulima hajui kuyaomba, wala hakuna aliyemwambia kwamba yapo.

Vivyo hivyo kuhusu mafuriko. Warufiji wana neno mlau, kilimo kinachofuata maji yanapopungua na kuacha tope bondeni. Marsland aliandika juu yake katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Telford alikwisha kuandika ripoti juu ya mabonde ya Rufiji na Kilombero mwaka 1929. Baada ya gharika ya 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vilimani, na miaka kama kumi baadaye Bantje alichunguza uhusiano wa mafuriko na njaa katika ripoti za Chuo chetu. Mradi wa mazingira wa Rufiji, ulioendeshwa na IUCN kati ya 1998 na 2003, uliacha ripoti nyingi za kitaalamu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mwezi wa Aprili 2024 mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa na maji. Katika mjadala uliofuata watu walibishana kana kwamba mto huo haujawahi kupimwa wala kuelezwa na mtu yeyote.

Nani basi anaweza kuzifikia nyaraka hizi? Kisheria, Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inaziweka wazi kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Kiutendaji kuna kibali cha utafiti, barua ya utambulisho, nauli, malazi ya Dar es Salaam, na lugha mbili au tatu za kigeni. Mtafiti kutoka Ulaya huja na ruzuku inayogharimia yote hayo. Mwalimu wa sekondari wa Kibiti, anayeishi kilomita zisizofika 150 kutoka Mlimani, hana hata moja kati ya hayo isipokuwa pengine nauli.

Pendekezo langu ni dogo, na halihitaji jengo. Itayarishwe bibliografia ya Rufiji na delta kwa Kiswahili, yenye fahirisi ya majina: kila kijiji kwa tahajia zake zote, kila mti kwa jina la wenyeji na la kitaalamu, kila mtu kwa majina aliyoitwa na kila upande. Nakala za Kitabu cha Wilaya na za mahojiano ya 1968 yanayohusu Rufiji ziwekwe Utete na Kibiti, katika ofisi za halmashauri na katika shule. Mahojiano hayo yatafsiriwe kwa Kiswahili, kwani sehemu kubwa ya makala za mradi ule iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali waliohojiwa hawakuwa Waingereza. Wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili, wakiongozwa na mkutubi mmoja wa East Africana, wanaweza kuianza kazi ya fahirisi muhula ujao. Waanze na Mohoro, na waitafute pia kwa r mbili.