Kanuni za Mlimani

Chuo kilichofunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, mnamo Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi 13, hakikuwa na haja kubwa ya kanuni za mwenendo. Kwani watu 13 wasomao katika nyumba moja, mbele ya walimu wanaoijua hata miandiko yao, aghalabu huzuiwa na haya kabla ya kuzuiwa na sheria. Walakini kanuni zilikuwako, na zilikuwa zimekwisha kuandikwa kabla hata ya chuo chenyewe kuwako, maana zilitoka kwingine: shahada zilitoka London, na desturi za maisha ya mwanachuo zilitoka Makerere, ambako joho jekundu, bweni na mlezi wake, na mlo wa pamoja mezani vilikuwa vimekwisha kuwa mithili ya ibada. Nyuma ya yote hayo ilisimama itikadi ya vyuo vya Kiingereza, kwamba mwanafunzi, ajapokuwa na ndevu, ni mtoto aliyewekwa amana, na mkuu wa chuo ndiye babake mpaka siku ya kuhitimu.

Itikadi hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa mizanini huko huko Makerere. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula walichokuwa wakipewa, na baadhi yao wakafukuzwa, miongoni mwao Abu Mayanja, ambaye alikwenda kusoma Cambridge na baadaye akawa waziri nchini Uganda. Msomaji na aliangalie jambo hili vizuri, kwa kuwa litarudi mara nyingi katika habari hizi: malalamiko yalihusu mlo, ilhali hukumu ilihusu utii.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilicho magharibi ya mji, na tangu hapo watu wote, wenye elimu na wasio nayo, wakapaita Mlimani. Kilima hicho kiliuona mji wote chini yake, na haikuchukua muda kabla ya mji kuanza kuuliza wale walioko juu wanakula nini, wanalala wapi, na kwa fedha ya nani. Oktoba 1966, serikali ilipokuwa imetangaza kwamba wahitimu watalazimika kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo watapokea asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliteremka kwa maandamano, wengi wao wamevaa majoho yao ya kisomi, wakaelekea Ikulu na tamko lao mkononi. Na katika mabango waliyobeba lilikuwamo moja lililosema kwamba afadhali ukoloni. Hakuna neno lililoweza kumchoma Mwalimu Nyerere kuliko hilo, naye hakuwa Rais tu, bali pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Dar es Salaam ilikuwa tawi lake pamoja na Makerere na Nairobi. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa ghadhabu juu ya mishahara ya wakubwa, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, na akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300.

Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki siku ile, kwani nionavyo mimi wanafunzi walikuwa wamekosa busara na Rais alikuwa na hoja. Ila kwa anayetafuta historia ya kanuni, la ajabu ni kwamba hapakusomwa kifungu chochote cha sheria ya chuo, hapakuitwa kamati, wala hapakuandikwa mashtaka. Adhabu ilitoka juu, yote kwa siku moja. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha na baada ya mkutano wa Machi 1967 uliojadili kazi ya chuo katika nchi ya ujamaa. Lakini mfano ulikuwa umekwisha kuwekwa, na kila mtawala wa chuo aliyekuja baadaye aliufahamu, na kila mwanafunzi vilevile.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake kwa sheria iliyotungwa na Bunge, Rais akiwa Mkuu wa Chuo, na Makamu wake wa kwanza akiwa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja katika ukatibu wa TANU. Mwaka huo huo jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilipigwa marufuku pamoja na chama kilichokuwa kikilitoa, USARF, ambacho Yoweri Museveni alikuwa amewahi kukiongoza; na hoja iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Ikaja Julai 1971. Symonds Akivaga, Mkenya, rais wa jumuiya ya wanafunzi iliyoitwa DUSO, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi yenye maneno makali juu ya namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa, naye pamoja na wenzake wakiutegemea Mwongozo wa TANU uliotoka Februari ya mwaka ule, ambao ulikuwa umewakataza viongozi takaburi na ubabe. Jawabu la barua ile lilikuwa askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, wenye silaha, waliomchukua kijana huyo mbele ya wenziwe akarejeshwa Kenya. Wanafunzi waligomea masomo, baadhi ya walimu wakawaunga mkono, na mwaka 1972 Akivaga akarudishwa darasani, jambo ambalo ni sawa na kukiri, ijapokuwa hakuna aliyekiri kwa kinywa.

Kisha kanuni zikateremka mpaka mlangoni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba atakaye kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza, apate na ushuhuda wa tabia yake kutoka kwa mwajiri na kutoka kwa tawi la chama. Na matokeo yake, ambayo sidhani yalikusudiwa, ni kwamba mabweni yalijaa watu wazima, wenye wake na watoto na vyeo walivyoviacha ofisini, nao wakakuta wanasimamiwa na taratibu zile zile alizotungiwa mtoto aliyewekwa amana. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena kupinga marupurupu mapya ya viongozi. Zaidi ya 300 wakafukuzwa, DUSO ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa jumuiya nyingine, MUWATA, chini ya chama tawala.

Basi muda wote huo, wakati wa barua na mabango yaliyoandikwa kwa majina na sahihi na kujibiwa kwa askari, palikuwa na maandishi mengine Mlimani, yasiyo na jina wala sahihi, ambayo hayakujibiwa na mtu. Yaliitwa Mzee Punch. Asili yake ilikuwa dhihaka ya kuwacheka wakubwa, lakini kufikia miaka ya 1980 yalikuwa yamegeuka kuwa michoro ya matusi iliyobandikwa ukutani usiku na kusomwa na umati asubuhi kabla ya kwenda darasani, na shabaha yake kubwa ilikuwa mwanafunzi wa kike aliyemkataa mwanamume, au aliyevaa asivyotakiwa, au aliyethubutu kusema mkutanoni. Adhabu ya Punch ilikuwa na utaratibu wake, tena mkali kuliko wa chuo: aliyechorwa alitengwa, na aliyeonekana kuzungumza au kula naye alichorwa yeye pia, hata msichana akabaki peke yake katikati ya maelfu ya watu. Walezi wa mabweni waliona, walimu walipita mbele ya karatasi zile, na wako waliocheka. Ilionekana ni utani wa vijana. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa amesumbuliwa namna hiyo, alijiua. Hapo ndipo Punch ilipopigwa marufuku, na wanawake waandishi wa habari, waliokuwa wameunda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, wakahakikisha kwamba jambo hilo halizikwi pamoja naye.

Nasema wazi kwamba hii ndiyo aibu kubwa katika historia ya adabu ya Mlimani, kuliko 1966 na kuliko 1971. Kanuni zilikuwa zikimlinda mkubwa dhidi ya mdogo kwa bidii, lakini mwanafunzi dhidi ya mwanafunzi mwenzake hakuwa na mlinzi. Miezi michache baadaye, Mei 1990, chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, na hakikufunguliwa mpaka mwanzo wa 1991: serikali ambayo haikuona karatasi za ukutani kwa miaka mingi iliuona mgomo kwa siku chache. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1998 Bunge litunge sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, iliyotaja udhalilishaji wa kijinsia kuwa ni jinai, na baadaye zaidi chuo chenyewe kikaandika sera yake.

Sheria ndogo zilizopo siku hizi ni za kisomi zaidi. Mtuhumiwa huandikiwa mashtaka, huitwa mbele ya kamati, hujitetea, na anaweza kukata rufaa. Na hilo ni jambo jema, linaloafikiana na Katiba, ambayo tangu 1984 imeahidi kwamba hakuna atakayehukumiwa bila ya kusikilizwa. Lakini mtu akitaka kujua kama kanuni imewaingia watu, aitazame ile inayokataza kumlaza chumbani asiyepangiwa kitanda. Kila mtu aliyepita Mlimani anajua neno kubebana, anajua aliyebebwa hulala wapi na hukunja godoro lake saa ngapi, na anajua kwamba bila ya kubebana wengi, hasa kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu, halijaingia, wangelala nje. Kanuni imo kitabuni, na vitanda havitoshi.

Tena kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali maisha kinayoyatawala, ya foleni ya chakula, ya korido, ya ugomvi wa maji na ya mapenzi, huendeshwa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo nawaomba watakaokaa kuzipitia kanuni hizi safari ijayo, wazipitie kabla ya mgomo, si baada yake. Wawaite wanaolala wanne katika chumba cha wawili, na wasichana wanaojua ni njia gani za chuo hazipitiki usiku. Na rasimu ibandikwe kwa Kiswahili ukutani, pale pale Mzee Punch alipokuwa akibandika zake, isomwe na kubishaniwa kabla Baraza la Chuo halijaipitisha.