Mwalimu Aliyeishia Pumwani

Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, unatuagiza tuwakumbuke wale waliotufundisha Neno la Mungu, na tena tuangalie mwenendo wao uliishia wapi. Sehemu hiyo ya pili huwa tunaipita haraka. Tukikaa pamoja kumkumbuka mwalimu wa ujana wetu, tunasimulia ukali wake, mizaha yake, kiboko chake, na jinsi alivyotuamsha alfajiri tukiwa bado na usingizi. Ni nadra kuulizana alimalizia wapi. Katika historia ya elimu ya Kikristo nchini Kenya yuko mwalimu mmoja ambaye hatuwezi kumwelewa bila swali hilo.

Edward Carey Francis alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Akiwa kijana alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa mizinga. Baada ya vita alisoma hesabu Cambridge, akafaulu sana, akabaki huko kufundisha chuoni. Watu wengi wangeshukuru Mungu na kukaa hapo mpaka uzeeni. Yeye mwaka 1928 aliacha yote akaja Maseno, karibu na Kisumu, kuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya CMS. Mwaka 1940 alihamia Alliance High School, Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti, akaiongoza miaka 22. Hakuoa. Jamaa yake ilikuwa wavulana wa shule.

Miongoni mwetu wapo waliofundishwa na watu waliopitia mikononi mwake. Na wenye mvi watakumbuka vitabu vya hesabu vya shule za msingi alivyoandika, ingawa pengine wamelisahau jina lililokuwa kwenye jalada.

Alliance ya siku hizo ilikuwa na mpangilio mkali: kufagia viwanja, kusafisha mabweni, kukaguliwa, ibada, darasa, michezo. Kijana aliyeingia pale alikuwa ametoka kwao akisifiwa na kijiji kizima, mbuzi amechinjwa kwa ajili yake, na jambo la kwanza alilopewa ni fagio. Kaulimbiu ya shule ilihusu kuwa na nguvu za kutumikia. Ni maneno mazuri, lakini maneno mazuri yamechorwa kwenye kuta za shule nyingi, na wanafunzi hawayaamini mpaka wamwone mwenye kuyasema akiyaishi.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ilipotangaza Hali ya Hatari. Kikuyu ilikuwa katikati ya moto ule. Wako wavulana waliokuwa na ndugu msituni, na wako waliotoka katika nyumba za walinzi wa serikali, nao walilala bweni moja na kuimba tenzi katika kanisa moja. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi Limuru baada ya muhula wa kwanza alikuta kijiji chao hakipo tena, na watu wamehamishwa kwa nguvu. Kaka yake alikuwa msituni. Zaidi ya miaka 50 baadaye aliandika kumbukumbu za shule ile, akazipa jina kutokana na nyumba ya Mfasiri katika hadithi ya Bunyan ya yule msafiri Mkristo. Mwalimu mkuu yumo, ameelezwa kwa heshima, lakini pia kwa jicho lisilofumba.

Nasi tumtazame hivyo hivyo. Carey Francis aliipinga Mau Mau waziwazi. Wakati huo huo aliwalalamikia wakuu wa serikali juu ya ukatili wa askari wao kwa wananchi, jambo ambalo Wazungu wengi wa siku zile hawakuthubutu hata kulinong'ona. Siasa za uhuru alizitilia mashaka, na aliamini kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa bado na kazi ya kufanya. Katika hilo tunaona hakuwaelewa vijana aliowalea mwenyewe. Oginga Odinga, aliyesoma Maseno chini yake, alikuja kuwa mmoja wa waliodai uhuru kwa sauti kubwa kuliko wote, na alivutana hata na kanisa alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Wanafunzi waliyakataa mawazo ya mwalimu, na bado fagio lake halikuwatoka mikononi. Kwa maoni yetu, hilo ndilo gumu kulieleza kwa wale wanaotaka kila mmishonari awe ama malaika ama mwizi.

Mwaka 1962 alistaafu, akiwa na umri wa miaka 65. Uhuru ulikuwa mlangoni. Njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi, na heshima alikuwa nayo ya kutosha kumlisha uzeeni. Badala yake alikwenda Pumwani, mmoja wa mitaa ya mwanzo iliyotengewa Waafrika jijini Nairobi, mtaa wa nyumba za udongo, wa wafanyakazi na wachuuzi, wenye Waislamu wengi. Akaomba kazi katika shule ya sekondari ya hapo, tena si ya kuongoza. Alikuwa mwalimu wa kawaida wa darasani, chini ya mkuu mwingine.

Kila aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, kisha akaambiwa arudi benchi la nyuma, anajua uzito wa hatua hiyo. Tumewaona wazee waliohama ushirika kwa sababu hiyo tu.

Bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamejaa katika baraza la mawaziri la kwanza. Odinga alikuwemo. Mwalimu wao alikuwa na madaftari ya hesabu ya watoto wa Pumwani. Aliendelea kufundisha huko mpaka mwaka 1966, mwaka aliofariki.