Lualaba hauendi Misri: safari ya Nile na safari ya Nyangwe

Mwaka 1870 mzungu mmoja alibaki miezi mingi hapa kwetu Kabambare, miguu imejaa vidonda, anangoja kupona ili aendelee na njia. Jina lake David Livingstone. Kwenye daftari zake aliandika jina la mji wetu "Bambarre". Alikuwa anatafuta Lualaba, na hesabu yake ilikuwa hivi: mto huu ni mkubwa sana, unakwenda kaskazini, basi ni Nile. Mwenye kuufuata mpaka mwisho atatokea Misri.

Alikosea. Lakini kosa lake linatupa sababu ya kutazama mito hii miwili pamoja. Alifika Kabambare mara ya kwanza katika mwezi wa tisa 1869. Mwaka uleule, 1869, njo mwaka ambapo Mwingereza Thomas Cook alipeleka kikundi chake cha kwanza cha watalii kwenye Nile ya Misri, kwa mashua mbili za moshi, kutazama mahekalu ya zamani. Huko watu walikuwa wanalipa kupanda mto. Huku mtu alikuwa anauliza kama ni mto uleule.

Wengi wetu tumeona picha za mahekalu yale kwenye televisheni ao kwenye telefone, na wengine wanauliza: safari ile iko namna gani? Na sisi tuliolala kando ya Lualaba, tunayo nini ya kuonyesha?

Safari ya Misri iko namna gani

Safari fupi inayojulikana sana ni ya Luxor mpaka Aswan, kusini mwa Misri. Ni kilometa 200 na zaidi kidogo. Meli ni kama hoteli inayotembea: mtu analala ndani, anakula ndani, na mizigo yake inabaki chumbani mpaka mwisho. Safari inachukua usiku tatu ao nne. Meli inasimama mji kwa mji, watu wanashuka kutazama hekalu, kisha wanarudi na meli inaendelea.

Luxor iko mahekalu mawili makubwa, la Luxor lenyewe na la Karnak. Ndani ya Karnak kuna ukumbi mmoja wenye nguzo 134 za mawe. Ng'ambo ya pili ya mto, upande wa magharibi, kuna bonde ambamo wafalme wa zamani, mafirauni, walizikwa. Kaburi la kijana Tutankhamun lilifunguliwa mle mwaka 1922.

Meli ikipanda kuelekea kusini inafika Esna. Pale kuna ukuta unaozuia mto, na meli inapita kwenye lango la maji: inaingia ndani ya chumba cha saruji, mlango unafungwa nyuma, maji yanajazwa, meli inanyanyuka, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Baadaye ni Edfu, hekalu la mungu Horus mwenye kichwa cha mwewe. Lilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Yesu, likamalizika mwaka 57 kabla ya Yesu. Ni miaka 180 ya kazi. Mbele yake ni Kom Ombo, hekalu kando kabisa ya maji. Nusu yake ni ya Horus, nusu ingine ni ya Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba. Mamba waliokaushwa na watu wa zamani wamewekwa pale ndani ya nyumba ya makumbusho. Mwisho ni Aswan.

Tuelewe kitu kimoja. Mawe peke yake hayatoshi kuleta wageni. Kutoka Luxor mpaka Aswan mto umetulia, hauna maporomoko. Kila hekalu liko karibu na fasi ya kushukia. Pale mlangoni kuna mtu wa kuuza tiketi, mlinzi, na mtu wa kueleza. Vitu hivi vitatu, maji yanayopitika, fasi ya kushukia na mtu wa kueleza, njo safari yenyewe.

Mahekalu yaliyohamishwa

Kati ya 1960 na 1970 serikali ya Misri ilijenga barrage kubwa pale Aswan. Maji yalipojaa nyuma yake yalitaka kufunika mahekalu ya Nubia. UNESCO ikaita dunia nzima isaidie. Hekalu la Abu Simbel, alilojenga Ramses II, lilikatwa vipande vipande kati ya 1964 na 1968, likajengwa upya juu zaidi, kama mita 65 kutoka fasi ya kwanza. Hekalu la Philae lilihamishwa kati ya 1972 na 1980 mpaka kisiwa kingine kinachoitwa Agilkia. Mtalii wa leo anapanda mtumbwi wa motere kwenda kulitazama, na kama hakuambiwa hawezi kujua kwamba lilihama.

Lakini si mawe tu yaliyohama. Wanubi wa Misri, makumi ya maelfu, walitolewa kwenye vijiji vyao, wengi wakapelekwa upande wa Kom Ombo. Nyumba zao na makaburi ya wazee wao vilibaki chini ya maji. Hekalu lilipata watu wa kulibeba. Kijiji hakikupata.

Nyangwe, tarehe 15 mwezi wa saba 1871

Turudi kwetu. Livingstone alitoka Kabambare katika mwezi wa pili 1871, na mwisho wa mwezi wa tatu akafika Nyangwe, kwenye mukono wa kuume wa Lualaba. Nyangwe ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliotoka pwani ya bahari, Waarabu na Waungwana, waliokuja kutafuta pembe za tembo na watumwa. Kulikuwa soko kubwa kando ya mto. Wanawake walileta samaki, mihogo, mafuta ya ngazi, chumvi, kuku na vyungu. Wengi walivuka kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya pili.

Livingstone alitaka mtumbwi ili aufuate mto. Karibu miezi minne hakupata. Watu wa mtoni hawakumwamini, na walikuwa na haki, kwa maana wageni wengine waliopata mitumbwi walivuka nayo kwenda kukamata watu.

Tarehe 15 mwezi wa saba watu kama 1,500 walikuwa sokoni. Watu wa mfanyabiashara mmoja, Dugumbe, waliingia na bunduki. Ugomvi juu ya kuku ukaanza, kisha risasi. Watu walikimbilia mitumbwi kwenye kijito, mitumbwi ikabanana, wengine wakaruka ndani ya maji na kuogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali. Wengi walizama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi wao walikuwa wanawake.

Livingstone aliyaona kwa macho. Karatasi ilikuwa imemwishia, basi aliandika juu ya gazeti la zamani la London, kwa wino aliotengeneza na mbegu za mti. Miaka ilipopita maandishi yakafifia. Mwaka 2011 wataalamu walitoa picha za gazeti lile zilizopigwa kwa mwanga wa namna mbalimbali, na maneno yakasomeka tena. Walipoyalinganisha na kitabu kilichochapishwa 1874, baada ya kifo chake, walikuta tofauti.

Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe, akarudi Ujiji. Habari ya mauaji ilifika Ulaya na ikaongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ifungwe. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi damu ya wanawake wa Nyangwe imo ndani ya historia ya Afrika Mashariki yote, si ya Maniema tu.

Nani alijua kwamba si Nile

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Nyangwe na chombo cha kupima urefu wa nchi. Alikuta kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mji ulio kando ya Nile katika Sudan ya Kusini ya leo. Maji hayapandi mlima. Tena Lualaba ulikuwa na maji mengi kupita Nile ya kule. Basi hauwezi kuwa Nile.

Cameron naye alikosa mitumbwi. Mwaka 1876 Stanley alifika na mashua yake iliyobebwa vipande vipande. Alipatana na Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, amsindikize kipande cha njia. Walitoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1876. Katika mwezi wa nane 1877 Stanley alitokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Mto ulikuwa Kongo.

Kutoka pale mambo yalikwenda mbio. Kasongo ukawa mji mkubwa wa Tippu Tip. Kati ya 1892 na 1894 askari wa Leopold II walipigana na Waarabu: Nyangwe ulianguka katika mwezi wa tatu 1893, Kasongo katika mwezi wa nne, na Kabambare mwanzoni mwa 1894. Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwishoni mwa 1892, Lippens na De Bruyne, walijengewa sanamu mwaka 1900 kwenye mji wa Blankenberge, kwao Ubelgiji. Inasimama mpaka leo kando ya bahari. Watalii wanapita pale.

Safari ya kwetu

Mtu akitaka safari fupi ya mtoni katika kusini ya Maniema, njia iko. Kutoka mji wa Kasongo anakwenda mpaka mtoni, pale Kasongo-Rive. Kabla ya kuacha mji anaweza kupita Tongoni, Kasongo ya zamani, ambako wataalamu wa akiolojia walikwisha kuchimba na kuzungumza na wazee. Jina lenyewe linasema: ni tongo, fasi watu walikoishi wakaondoka.

Kutoka Kasongo-Rive mtumbwi unashuka na maji mpaka Nyangwe, na mbele mpaka Kibombo. Kipande hiki kinapitika. Juu yake, upande wa Kongolo, mto unajifinya katikati ya mawe kwenye fasi inayoitwa Mlango wa Jehanamu. Chini yake, kuelekea Kindu, kuna maporomoko. Njo maana wakoloni walijenga njia ya reli Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, iliyomalizika 1911.

Mwenye kwenda akumbuke mambo machache. Aulize kwanza hali ya usalama ya wiki ile, si ya mwezi uliopita. Achukue wapiga kasia wenyeji, hasa Wagenya, kwa sababu wanajua mawe yaliko wakati maji yamepungua. Asikubali mtumbwi uliojaa mpaka ukingoni, asisafiri usiku, na avae jile ya kuokoa hata kama watu wanamucheka. Akifika kijiji, aanze kwa chef.

Kinachokosa

Tuhesabu tena vitu vitatu vya Misri. Maji yanayopitika tunayo. Fasi za kushukia tunazo, hata kama ni udongo tu. Tunachokosa ni mtu wa kueleza.

Hatuna hekalu la mawe la kukata na kuhamisha. Historia yetu iko ndani ya vichwa vya watu: nani anajua soko la Nyangwe lilikuwa wapi hasa, kijito kilichobanana mitumbwi ni kipi, familia gani zilivuka zikabaki ng'ambo, na watumwa waliopelekwa pwani walipitia wapi. Maandishi tuliyo nayo ni ya Livingstone, ya Cameron, ya Stanley, na ya Tippu Tip mwenyewe, aliyeeleza maisha yake kwa Kiswahili. Wote hawa walikuwa wapitaji ao wafanyabiashara. Mwanamke aliyeleta kuku sokoni siku ile hakuandika kitu. Kama aliacha neno, aliliachia wajukuu.

Neno la namna hiyo halingoji barrage. Muzee akifa, linafunikwa siku ileile. Na kazi ya kuliokoa haiombi mamilioni ya UNESCO: inaomba telefone yenye kurekodi sauti, saa mbili za kukaa chini ya mti, na mtu wa kuandika jina la kijiji na tarehe. Walimu wa historia wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuianza na wanafunzi wao mwaka huu.

Kama nyumbani kwenu, ao ng'ambo ya Luama, ao kando ya Lualaba, kuna mama ao baba anayejua habari za Nyangwe, za Tongoni ao za njia ya zamani ya Kabambare, usingoje tukutafute. Mulete kwenye redio, ao utuite tumufuate kwake. Tutarekodi kwa lugha anayoisema yeye mwenyewe, iwe Kibangubangu, Kikusu, Kizimba ao Kiswahili chetu.